Hotipoti za Jumuiya na Moto wa Mama

Mama alipopona homa ya matumbo, kila kitu kilimrudia isipokuwa njaa. Miguu ilirudi, usingizi ulirudi, na ulimi ulitangulia vyote, ukaanza kugombeza kuku kabla hata hajaweza kusimama peke yake. Njaa tu ndiyo iligoma. Akitengewa sahani ya ndizi aliitazama kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake: anaona ni mzito, anampa pole, lakini hausogezi.

Hospitali walimpima, wakampima tena. Hilo la pili nililidai mimi, kwa sababu kwangu kitu kilichohesabiwa mara moja hakijahesabiwa. Daktari akasema ugonjwa umekwisha, amalize vidonge vyake, apumzike, apate lishe. Neno hilo lishe ndilo lililotuponza. Daktari alilitamka kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini lilipofika kwetu Muleba lilikuwa limenenepa njiani. Ukoo uliposikia lishe ulisikia migomba yote ya kibanja ikidondoka kwa pamoja kwenye sufuria.

Mimi naishi Bukoba, Kashai, na kazi yangu ni viungo. Nanunua vya jumla mjini, nafungasha kwenye vipakiti, nauza sokoni. Duka ninaponunua ni la mama mmoja wa Kihindi, wa familia chache za kwao zilizobaki mjini. Alizaliwa hapa hapa, Kihaya chake kinawashinda wanangu, na kwa kupatana bei simjui anayemzidi ila mama yangu mwenyewe. Tumefanya biashara miaka mingi kwa kutoaminiana kwa heshima. Yeye anapima mbele yangu, mimi napima tena kwenye mizani yangu mbele yake, yeye anatazama dari kana kwamba sipo, kisha tunaulizana habari za nyumbani.

Siku moja, mama akiwa na majuma kadhaa nyumbani bila njaa, nilichukua mfuko wa iliki dukani kwake nikautia kikapuni bila kuupima.

Akavua miwani. "Dada, nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi pima iliki yako. Unanitisha."

Ndipo nikamweleza habari za mama. Nilitegemea aniambie pole, anisukumie kiti, tuendelee. Badala yake alianza kuniuliza maswali ambayo hata hospitali hayakuulizwa. Ulimi wake ukoje asubuhi, una utando mweupe? Upo, nikasema, kama chokaa. Akila, chakula anakisikia kimekaa wapi? Hapa, nikasema, nikionyesha chini ya kifua, anasema kinakaa kama mgeni asiyeaga. Anacheua? Anacheua mpaka paka anaondoka.

"Na chakula mnampa saa ngapi?"

"Kila anapokuja mgeni."

"Wageni ni wengi?"

"Mama ni Mkatoliki, ana jumuiya, ana ukoo, ana majirani. Piga hesabu mwenyewe."

Hakupiga hesabu. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya duka, kwenye jiko lake la mkaa, ambapo sufuria ya chai ilikuwa juu ya makaa mekundu machache, inaanza kuchemka vizuri. Akaiondoa. Akachukua mkaa mkubwa mkubwa, mbichi, wenye unyevu wa mvua, akaushindilia juu ya yale makaa mpaka jiko likafurika. Tukasimama tunatazama. Ukatoka moshi, kisha moshi mwingine, kisha hata moshi ukakata tamaa.

"Umezima chai yako," nikamwambia.

"Nimeizima uone. Huyo ni mama yako. Ana makaa mekundu mawili, matatu, yamebaki baada ya homa. Yanataka majani makavu na kupepewa taratibu. Nyinyi mnamtupia magogo kwa mapenzi."

Hayo, alisema, ni mambo ya dawa za zamani za kwao, Ayurveda, aliyofundishwa na bibi yake aliyekuwa akitwanga mizizi kwenye kinu cha shaba hapo hapo nyuma ya duka. Mganga wa kwao hakuanza na maumivu, alianza na tumbo. Ndani ya tumbo upo moto, na moto huo ndio mpishi wa pili. Wa kwanza ni yule wa jikoni. Chakula kikipikwa vizuri na yule wa pili kinakuwa damu, kinakuwa nyama, kinakuwa mfupa, mpaka ule mng'ao wa usoni. Kisipopikika kinalala, kinavunda, kinanata kama ukoko uliosahauliwa sufuriani, na magonjwa yanakuja kupanga hapo.

"Moto uko wa namna nne," akaendelea, sasa akiwa amenogewa. "Kuna mvivu, kama wa mama yako. Kuna wa kigeugeu, leo unawaka kesho haupo. Kuna mkali, kama wako wewe."

"Mimi nimeingiaje?"

"Unakula umesimama, unagombana na wateja, halafu unamalizia na soda ya baridi. Kiungulia chako nakisikia mpaka huku dukani."

Nikaacha hilo lipite, maana lilikuwa kweli. "Na wa nne?"

"Wa nne ni wa sawa, uliotulia."

"Nani anao huo?"

Akafikiri. "Ng'ombe."

Dawa yenyewe haikuwa na maajabu. Asubuhi maji ya moto, ya kunywa kwa funda ndogo. Kabla ya chakula, kipande chembamba cha tangawizi chenye chumvi na tone la ndimu. Chakula ni mseto wa choroko na mchele, uliolainika kabisa, wenye bizari nyembamba iliyokaangwa kwenye samli kidogo. Kile kikubwa kiliwe mchana jua likiwa juu, kwa sababu moto wa tumbo na jua ni ndugu, hupanda pamoja. Jioni kitu chepesi, mapema. Na sharti kubwa kuliko yote: asile kingine mpaka cha kwanza kimeshuka, na asilazimishwe. Mngojee mwenyewe aseme ana njaa.

"Na ndizi?" nikauliza.

"Baadaye."

"Kidogo tu?"

"Baadaye."

"Zimepondwa, zimekuwa laini kama za mtoto?"

Akavaa miwani yake. "Dada, hii siyo iliki. Hapa hatupatani."

Choroko alinipa bure. Mfanyabiashara akikupa kitu bure, mkague. Nilifungua mfuko njiani nikazichambua. Hazikuwa na jiwe hata moja. Hapo nikajua kwamba anaona jambo hili ni zito.

Kwa kuwa sinunui kwa muuzaji mmoja kabla sijauliza bei kwa mwingine, nilimpitia pia daktari. Akasikiliza, akasema mseto hauna ubaya wowote, ila vidonge avimalize, maji anywe ya kutosha, na akizidi kudhoofu arudishwe haraka. Nikaona pande zote mbili zimekubali. Nikafunga kibanda changu, nikapanda kwenda Muleba.

Nilichokuta barazani nilikihesabu mara mbili, na mara zote mbili hesabu ilinitisha: benchi zima limejaa hotipoti. Za maua, za michirizi, moja kubwa ya bluu ya kubebea chakula cha harusi. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na chakula kilichoendewa nacho hakiachwi mlangoni. Aliyekileta anaketi kando ya kitanda, anafungua mwenyewe, na mgonjwa anaonja mbele yake. Kuonja ndiko salamu. Ukikataa umeshasema jambo, na jambo lenyewe hakuna anayetaka lisemwe: kwamba unaogopa mkono wa mpishi.

Mama, mtu wa heshima zake, alikuwa anaonja vyote.

"Mawe," nikamwambia, kwa maana kwetu mama huitwa hivyo, "si useme umeshiba?"

"Nikila cha huyu nikakataa cha yule, kabla ya Jumapili nitakuwa na kesi. Hujui watu wa hapa? Umekaa mjini mpaka umesahau." Akacheua. "Jana nilionja ndizi kwa maharage, ndizi kwa karanga, ndizi kwa samaki, na maziwa ya yule jirani mwenye ng'ombe mmoja. Ningekataa maziwa ya mtu mwenye ng'ombe mmoja?"

Alikuwa amekonda. Kitenge kilichokuwa kinamzunguka mara moja na kubaki kinavutana, sasa kilimzunguka kikarudi tena mbele. Nilitazama jambo hilo nikageukia jikoni, nikaosha choroko kwa nguvu kuliko zilivyohitaji.

Mseto ulipoiva nikampelekea kwenye bakuli. Akaukoroga kwa kijiko, akauinua, ukashuka.

"Hiki wanakula watu gani?"

"Wahindi."

"Wanaumwa nini?"

"Ni dawa, mawe."

"Sawa. Na chakula kiko wapi?"

"Hiki ndicho chakula."

"Ndizi ziko wapi?"

"Zitakuja."

"Zinatoka wapi, Uganda?" Akatazama nje dirishani, ambako migomba yake mwenyewe ilikuwa imesimama mpaka bondeni. Lakini akala vijiko kadhaa, kwa hasira, na nilishukuru hasira.

Kazi ilikuwa wageni. Nisingeweza kuwafukuza, nisingeweza kukataa hotipoti, na nisingemruhusu mama aonje. Nililala nikilipindua suala hilo kama mtu anayetafuta tundu kwenye gunia, na asubuhi nikaliona. Kwetu kuna desturi moja ya mgonjwa kuonja, lakini kuna nyingine inayoizidi umri: mgeni hatoki nyumbani kwa watu na mdomo mkavu. Mgeni akitengewa akakataa, naye ameshasema jambo.

Kwa hiyo alipofika mwenyekiti wa jumuiya na hotipoti yake ya michirizi, nilimpokea mlangoni kwa mikono miwili na kwa neno la heshima la kwetu. "Karibu, waitu, karibu sana. Mama yuko kwenye dawa ya tangawizi, inataka tumbo tupu." Hilo halikuniletea shida, watu wetu hawaiamini dawa isiyo na masharti. "Lakini wewe keti. Huwezi kuondoka hivi hivi."

"Nimeshiba, binti yangu."

"Umeshiba ya kwako. Ya hapa je?"

Nikamtengea kutoka kwenye hotipoti ya maua, iliyoletwa kabla yake. Akala, angefanyaje? Aliyefuata nikamtengea kutoka kwenye ile ya michirizi. Wa tatu akala ya wa pili. Mzigo ukaanza kuzunguka kama mali inavyopaswa kuzunguka, hakuna kinacholala ghalani, na mama akaketi katikati na kikombe chake cha maji ya moto, akiwatazama watu wanavyokula. Mke wa kaka yangu, anayekaa na mama hapo nyumbani, alikuwa akinipokea sahani jikoni huku akijifunika mdomo kwa kanga.

"Dada, umefungua hoteli," akaninong'oneza.

"Hoteli ina faida. Hii ni huduma."

Utando wa ulimi ulipungua. Kucheua kukaisha, paka akarudi. Mama alianza kulala mchana bila kushika kifua. Lakini njaa yenyewe haikuja. Alikula mseto kwa amri yangu, kijiko kwa kijiko, na kila nilipomuuliza kama anasikia njaa alinijibu, "Nikiisikia nitakuambia. Hukai mbali."

Kaka yangu hakufurahishwa. Ni mkubwa kwangu, ni mtu wa shamba na wa maneno machache, na machache hayo alinitafutia nyuma ya nyumba, kwenye mibuni.

"Unamlaza mama na njaa kwa maneno ya dukani?"

"Hana njaa, kaka. Tatizo ndilo hilo. Angekuwa nayo tungeshangilia."

"Amebaki mifupa."

"Naona."

"Jumapili baada ya misa asipokula kama mtu, namrudisha hospitali akawekewe dripu. Na wewe utarudi kwenye viungo vyako."

Sikubishana naye, jambo ambalo lilimtia wasiwasi kuliko kubishana. Ukweli ni kwamba daktari naye alikuwa amesema hivyo hivyo, na kwamba usiku uliopita nilikuwa nimekipima kile kitenge tena kwa mikono yangu. Nikampigia yule mama wa duka. Nikamwambia sioni njaa.

"Makaa yapo," akasema. "Pepea, usipulize."

"Maana yake nini hiyo, kwa lugha ya mtu aliyepewa mpaka Jumapili?"

"Maana yake ngoja. Na umchekeshe. Mtu mwenye huzuni hata ng'ombe wa kwao hacheui."

Jumapili hiyo asubuhi na mapema, kabla ya misa, mjukuu wa shangazi aliacha hotipoti jikoni akakimbia kanisani. Hatukujali ni ya nani. Tuliipanga na wenzake. Misa ilipokwisha shangazi mwenyewe akatokea, dada mkubwa wa marehemu baba, mpishi anayeogopwa kijiji kizima. Kwenye harusi yeye hupita jikoni akinusa sufuria moja moja, na wapishi husimama kama wanafunzi siku ya matokeo. Alikuja na hotipoti nyingine, maana moja kwake ni kama hajaja.

"Wifi yangu," akamwambia mama, "leo utakula. Sitaki kusikia habari za tangawizi."

"Kwanza wewe, shangazi," nikasema haraka. "Umetoka misani, hujatia kitu mdomoni."

Akatazama mlango, akanitazama mimi, akaona amezingirwa. Mke wa kaka akaleta sahani. Ilikuwa saa sita, jua limepanda juu ya paa, na kaka alikuwa amesimama kizingitini na funguo za pikipiki mkononi, anazichezesha ili nisikie.

Shangazi akatia tonge mdomoni. Akalizungusha. Akalisimamisha.

"Nani kapika hizi?"

"Zimeletwa na watu," nikasema.

"Watu gani? Ndizi zimekakamaa hivi, zimeivishwa kwa jua? Na chumvi je, kaiazima? Siku hizi wanawake hawapiki, wanapasha." Akala tonge jingine, kwa uchunguzi. "Na maharage haya yametoka shuleni. Maskini wifi yangu, ndiyo maana huli! Ningekuwa mimi ningeshakufa."

Mama alikuwa anatazama si sahani bali mlango wa jikoni, ambako hotipoti yenyewe ilikuwa wazi juu ya kinu. Mkono mmoja wa hotipoti ulivunjika zamani, ukafungwa kwa kipande cha kitenge cha kijani. Kijiji kizima kinaijua hotipoti hiyo. Mimi ndiyo kwanza naiona.

"Wifi," mama akasema taratibu, "geuka kidogo. Tazama kinu."

Shangazi akageuka. Akakitazama kile kitambaa cha kijani kwa muda ambao ungetosha kusali salamu nzima. Funguo za kaka zikanyamaza.

"Nilimwachia mjukuu sufuria," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeandikisha maelezo polisi.

Kilichofuata kilitoka kwa mama. Kilianza kama kikohozi, nikashtuka nikamwendea, kisha nikaona mabega. Alikuwa anacheka. Alicheka akashika ubavu, akafuta machozi kwa pindo la kitenge, akamtazama shangazi, akaanza upya. "Yametoka shuleni," alisema, "yametoka shuleni!" Shangazi alijaribu kununa, akashindwa, akacheka naye mpaka tonge likamwanguka. Mke wa kaka alikuwa amekwishakimbilia jikoni kupiga kelele huko.

"Hebu leteni hiyo sahani," mama akasema, bado anahema. "Haiwezekani ziwe mbaya hivyo."

"Mawe, ndizi bado—"

"Nina njaa."

Alilisema kwa kukasirika, kama mtu anayekumbusha jambo linalojulikana siku nyingi. Nikamtazama kaka, kaka akanitazama mimi, na kati yetu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulirudia neno hilo lisije likaruka.

Nikamkatia tangawizi, nikaitia chumvi na ndimu, akaitafuna. Nikaponda ndizi kwa mchuzi wake, nikaacha maharage pembeni, nikamwekea kidogo.

"Hiki ni nini?"

"Cha kuanzia."

"Hiki ni cha kumwekea kuku. Ongeza."

Nikaongeza kijiko.

"Ongeza."

"Nusu kijiko, mawe, ndiyo mwisho wangu."

"Mwisho wako? Migomba nilipanda mimi!"

Nikatoka uani na simu. Yule mama wa duka alikuwa nyumbani kwake, nasikia vyombo vinagongana. Kabla sijaeleza, sauti ya mama ikatufikia wote wawili.

"Anasema nini?" akaniuliza.

"Anasema mimi ni mchoyo, kama ukoo wa baba."

"Anapigania ndizi?"

"Anapigania."

"Huo ni moto unaowaka. Mpe. Akiacha mwenyewe, usimsukume."

Niliporudi ndani mama alikuwa ameshapata haki yake kwa shangazi, nyuma ya mgongo wangu. Alikula polepole, macho yamefumba nusu. Sahani ikiwa bado ina kitu, akaisogeza, akafuta mdomo, akasema basi. Hakucheua. Kaka akarudisha funguo msumarini bila kuniangalia, na hiyo ndiyo barua ya kuomba radhi ndefu kuliko zote alizowahi kuniandikia.

Shangazi alianza kukusanya vyombo vyake ili aondoke navyo kabla habari haijafika jumuiya. Akainua ile hotipoti ya kitambaa cha kijani, akaitia kikapuni.

"Hiyo iache," mama akasema.

"Si umesikia nimesema hazijaiva, wifi?"

"Zitaiva kwangu," akasema mama, akijipapasa tumbo. "Jioni, mapema. Njaa ikija tena."